Stika Angavu na Zing'aazo: Mashine Isaidiwe Kuona Alama

Mshonaji nguo hachori mstari mweupe juu ya kitambaa cheupe. Akikata sare ya shule ya rangi ya buluu hushika chaki nyeupe. Akikata kanzu huiweka kando chaki hiyo akachukua ya rangi nyingine. Hafanyi hivyo kwa mapambo. Jicho lake na mkasi wake hufuata tofauti iliyopo baina ya mstari na kitambaa, na tofauti hiyo ikikosekana mkono hupotea njia. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iongozayo mashine za kisasa za kukatia stika, na aliyeielewa kwa chaki hatashindwa kuielewa kwa kompyuta.

Mashine hizo siku hizi zimekuwa chombo cha riziki katika nyumba nyingi. Zipo kubwa za karakana, na zipo ndogo ziwezazo kukaa juu ya meza ya chakula. Hutoa lebo za asali na za siagi ya karanga, stika za pikipiki, majina ya maduka, hata mapambo ya kadi za harusi. Zikipewa karatasi nyeupe ya kawaida hukata vizuri. Taabu huanza siku mwenye kazi anapoletewa plastiki angavu, yaani ile ya kuonekana ndani, au plastiki ing'aayo kama kioo, au ile ya riflekta. Hapo mashine iliyokuwa ikitii jana hukataa leo, na wengi hudhani imeharibika. Mara nyingi haikuharibika. Imekosa kuona.

Kazi ya alama

Kazi ya stika ina hatua mbili. Kwanza printa huchapa picha na maandishi. Kisha karatasi hupelekwa kwenye mashine ya kukata, ambayo haijui kabisa picha imekaa wapi. Huenda karatasi imewekwa upande kidogo, au imejivuta kwa joto la printa. Kwa sababu hiyo alama nyeusi huchapwa pembeni pamoja na picha, ili mashine izitafute, ipime zilipo, kisha ikate kwa kuzifuata. Mashine za Graphtec hutumia pembe zenye umbo la herufi L. Za Roland hutumia vitone vya duara. Zile ndogo za Silhouette, kwa desturi, hutumia mraba mmoja mweusi na pembe mbili. Maumbo ni mbalimbali, lakini kazi ni moja.

Jambo hili si geni kwa wapiga chapa. Gazeti lenye picha za rangi huchapwa kwa wino wa rangi kadha, kila rangi kwa zamu yake, na alama ndogo za pembeni ndizo zimwonyeshazo mchapaji kama rangi zote zimekaa mahali pamoja. Mama aliyewahi kununua kitenge ambacho wekundu wa ua umetoka nje ya mstari wake anajua hasara ya rangi zisizolingana. Kwenye kitenge ni kasoro ya macho. Kwenye lebo kisu kikihama milimita mbili tu huweza kula herufi nzima.

Nyumba moja ya Abuku

Abuku ni gombolola la Wilaya ya Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Koboko yenyewe ilikuwa sehemu ya Arua hadi mwaka 2005 ilipofanywa wilaya. Barabara itokayo Vurra, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba mpakani, hupitisha malori, pikipiki na bidhaa za nchi tatu, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha ziendazo na biashara hiyo. Ni nchi ya mihogo, simsim na asali.

Na ifikiriwe nyumba moja ya huko, ambamo mume ni fundi wa stika na mke ni mshonaji. Mashine yao ni ndogo, nayo ilinunuliwa kwa akiba ya misimu miwili. Siku moja anafika mama mtu mzima kutoka kikundi cha warina asali, akiwa na chupa mkononi.

"Mwanangu," anasema, "mnunuzi wa asali hutazama rangi yake kwanza. Lebo ya karatasi inaifunika. Nitafutie ile ya kuonekana ndani."

"Nimesikia, mama. Utazipata."

Fundi anachapa kurasa 10 za plastiki angavu, kila ukurasa lebo 24. Anauweka wa kwanza katika mashine. Kichwa cha mashine kinakwenda pembeni, kinapapasa, kinarudi, kinakwenda tena, kisha kompyuta inatangaza kwamba alama haikuonekana. Anajaribu tena. Safari hii mashine inadhani mstari wa ubao ulio chini ya plastiki ndiyo alama, na inakata. Palipoandikwa uzito wa gramu 500, kisu kimepita juu ya tarakimu ya 5. Zimebaki sifuri mbili. Zikiharibika kurasa nne za namna hiyo, ni lebo 96 zilizokwenda na plastiki yake, wino wake na faida ya kazi nzima. Na lebo isiyoonyesha uzito haimfai muuzaji wala mnunuzi, kwa kuwa Shirika la Viwango la Uganda, na mnunuzi yeyote makini, hutaka kujua chupa imebeba nini na kiasi gani.

Mume anaanza kusema habari za kuuza mashine na kutafuta nyingine kubwa. Mke anatazama plastiki, anatazama ubao wa kijivu ulio chini yake, na kuuliza swali la mshonaji: "Chaki yako iko juu ya kitambaa gani?" Swali hilo ndilo ufunguo wa mambo yote yafuatayo.

Jicho la mashine linaonaje?

Karibu na kisu cha mashine pana taa ndogo, mara nyingi nyekundu, na kando yake pana kipokea mwanga. Taa humulika karatasi, na kipokezi hupima mwanga unaorudi. Karatasi nyeupe isiyo na mng'ao hutawanya mwanga pande zote, kwa hiyo sehemu kubwa hurudi. Wino mweusi hunyonya mwanga, kwa hiyo hurudi kidogo. Kichwa kinapovuka kutoka kwenye weupe kuingia kwenye weusi, kipimo hushuka ghafula, na mashine huandika: hapa ndipo ukingo wa alama. Haijui pembe wala duara kama mtu ajuavyo. Inachojua ni kushuka na kupanda kwa mwanga. Vifaa vitatu vilivyotajwa huiharibu hesabu hiyo, kila kimoja kwa njia yake.

Plastiki angavu huruhusu mwanga upite. Mwanga haukutani na plastiki, bali hukutana na kilicho chini yake: ubao wa kijivu, mistari ya vipimo, au chuma cheusi cha mashine. Alama nyeusi juu ya ubao wenye giza ni sawa na chaki nyeusi juu ya nguo nyeusi.

Plastiki ing'aayo kama kioo hufanya kinyume. Mwanga ukiipiga haupiti wala hautawanyiki, bali huruka upande mmoja tu, kama mpira urukavyo ukutani. Ukirukia mbali na kipokezi, plastiki nzima huonekana nyeusi. Ukikiangukia moja kwa moja, kipokezi hupata mwanga wa kupofusha. Kwa vyovyote tofauti baina ya alama na pembeni yake huvurugika. Hata plastiki nyeupe huingia katika kundi hili ikifunikwa juu kwa utando wa kung'aa.

Plastiki ya riflekta ina ujanja wake wa pekee. Ndani yake mna vipande vidogo sana vya kioo vya mviringo, au vijipembe vilivyochongwa kwa ustadi, ambavyo hurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ndiyo maana dereva huiona iking'aa mbele ya taa zake ilhali aliye kando ya barabara haoni kitu. Taa ya mashine na kipokezi chake hukaa karibu sana, kwa hiyo mwanga mwingi humrudia mwenyewe. Wino wa printa nyingi nao ni mwepesi, si rangi nzito ya kupaka. Mwanga huupenya ukienda na kuupenya tena ukirudi, na alama iliyo nyeusi machoni mwa mtu hugeuka kijivu machoni mwa mashine.

Dawa zilizo karibu

Kabla ya dawa yoyote, fundi na achape ukurasa mmoja wa majaribio juu ya karatasi nyeupe ya kawaida na kuukata. Ukikatwa sawasawa, mashine ni nzima na lawama ni ya plastiki. Ukikatwa upande hata juu ya karatasi nyeupe, basi umbali baina ya jicho na kisu haukupangwa vizuri, na hapana selotepu itakayoponya ugonjwa huo. Yapasa kufuata kitabu cha mashine na kuupanga upya. Jaribio hili hugharimu karatasi moja, nalo huokoa siku nzima ya kukisia.

Kwa plastiki angavu, dawa ni kuwekewa weupe chini. Karatasi nyeupe isiyong'aa hutandazwa juu ya ubao wenye gundi, na plastiki hulazwa juu yake na kubanwa isisogee. Ikiwa mgongo wa stika tayari una karatasi nyeupe, weupe upo, na kilichobaki ni kuua mng'ao wa juu. Plastiki na karatasi zishikane barabara. Zikiachana, kivuli cha alama huanguka kando yake, mashine ikaona kingo mbili badala ya mmoja.

Kwa mng'ao, dawa ya kwanza ni selotepu isiyong'aa, ile yenye ukungu iwezayo kuandikwa kwa penseli. Kipande kimoja hubandikwa juu ya kila alama. Mwanga wa taa ukifika hapo hutawanyika kidogo badala ya kuruka kama mshale. Selotepu ifunike alama yote pamoja na nafasi tupu inayoizunguka. Ikiishia katikati ya alama, ukingo wa selotepu wenyewe utahesabiwa kuwa alama. Isiwe na mapovu wala mikunjo. Selotepu ya kawaida ing'aayo haifai, kwani huongeza kioo juu ya kioo.

Dawa ya pili, na yenye nguvu zaidi, ni kuiondoa alama juu ya plastiki kabisa. Vipande vya stika nyeupe isiyong'aa hubandikwa mahali alama zitakapoangukia, kabla ya kuchapa. Printa ikipita, picha hukaa juu ya plastiki na alama hukaa juu ya weupe wake. Njia hii hufaa vifaa vyote vitatu. Lakini kuna tahadhari mbili. Vipande viwe vyembamba na vishikwe imara, visije vikakwaruza kichwa cha printa ya wino. Na kwa printa ya leza, ambayo huyeyusha unga wa wino kwa joto, vitumike vile tu vilivyotengenezwa kwa printa hiyo, maana gundi ya kawaida huweza kuyeyuka na kuharibu mitambo ya ndani.

Dawa ya tatu ni kuikoleza alama kwa kalamu nene ya wino mweusi usiofutika. Hii hufaa hasa kwa riflekta, ambako alama imefifia. Fundi atumie rula na asivuke ukingo uliochapwa, kwa kuwa mashine hupima ukingo. Ukihama milimita moja, kisu nacho kitahama milimita moja. Wino wa kalamu ukikauka huku uking'aa, kipande cha selotepu yenye ukungu huwekwa juu yake.

Baadhi ya mashine zina mahali pa kupanga ukali wa jicho, ambapo fundi huipimisha kwanza sehemu tupu na kisha sehemu nyeusi, nayo huweka mpaka baina ya hizo mbili. Mwenye mashine ya namna hiyo na aanze hapo kila anapobadilisha plastiki. Nyingine humruhusu mtu akielekeze kichwa kwa mkono hadi juu ya kila alama. Ni kazi ya polepole, lakini kwa kurasa mbili tatu inatosha.

Jua, vumbi na umeme

Wahenga walisema macho hayana pazia. La mashine lataka pazia. Kibanda chenye mlango ulioelekea jua huweza kuwa na mashine itiiyo jioni na kuasi adhuhuri, kwa kuwa mwanga wa jua huingia katika kipokezi na kuchanganyika na ule wa taa yake. Pazia zito, au ubao wa boksi uliosimamishwa upande wa jua wakati alama zinaposomwa, mara nyingi hutosha. Taa ya mezani nayo isielekezwe juu ya mashine.

Vumbi la barabarani wakati wa kiangazi hukaa juu ya jicho hilo kama linavyokaa juu ya vyombo kabatini. Brashi laini na kavu hulisafisha. Kitambaa chenye maji kisitumike, wala kidole.

Tena, umeme ukikatika katikati ya kazi, mtu asikimbilie kung'oa selotepu na kukata pembe za karatasi. Ikiwa alama zingali mahali pake, umeme ukirudi mashine huweza kuzisoma upya na kuendelea na zilizobaki. Kwa hiyo alama zisiguswe mpaka lebo ya mwisho imekatwa. Na kazi ikihitaji kufunikwa kwa utando wa kung'aa, utando uishie kabla ya alama, pembe zibaki wazi.

Riflekta ni uhai

Kwa stika za riflekta pana neno zaidi, kwa kuwa hapo haipotei plastiki peke yake. Kijana wa bodaboda atokaye Koboko usiku kwenda Abuku huonwa na dereva wa lori kwa kile kilicho mgongoni pake na nyuma ya pikipiki yake. Fundi akiijaza stika hiyo maandishi mazito kutoka ukingo hadi ukingo, ameuza picha nzuri ya mchana na kuuzima mwanga wa usiku. Rangi nzito isiyopenywa na mwanga hufunika vile vioo vidogo. Ni wino mwepesi tu uachao mwanga urudi. Sehemu kubwa ya stika na iachwe tupu. Dawa za alama, yaani selotepu, vipande vyeupe na kalamu, zikae pembeni mwa karatasi, nje ya stika yenyewe, zisije zikabaki juu yake.

Riflekta vilevile hula kisu upesi, kwa sababu ya vioo vilivyomo. Stika iliyokatwa kwa kisu butu hunyanyuka kingo, maji ya mvua huingia, na baada ya muda mfupi hubanduka. Kisu cha riflekta kiwekwe mbali na cha karatasi. Na sahani za namba za magari na pikipiki si kazi ya kibanda: hizo hutolewa na serikali, wala haifai kubandika pambo lolote juu yake.

Hesabu ya nyumba

Wahenga walisema pia kwamba mchagua jembe si mkulima. Nyumba ya Abuku iliyofikiriwa hapo juu ingeweza kuuza mashine yake kwa hasara na kuingia deni la nyingine. Mashine mpya nayo ingekuwa na taa na kipokezi, na ingeikuta plastiki ile ile juu ya ubao ule ule. Kilichohitajiwa ni karatasi nyeupe, selotepu yenye ukungu na pazia, vitu ambavyo mke na mume huweza kuvipata sokoni kwa siku moja na kubakiwa na fedha ya chumvi.

Kwa mwenye kutaka kukata ukurasa huu na kuubandika ukutani, mpango wa kazi ni huu:

1. Safisha jicho la mashine, vuta pazia.
2. Jaribu kwanza juu ya karatasi nyeupe. Ikikosea hapo, panga mashine.
3. Plastiki angavu: weka weupe usiong'aa chini yake.
4. Plastiki ing'aayo: weka selotepu yenye ukungu juu ya alama, au vipande vyeupe kabla ya kuchapa.
5. Riflekta: tumia vipande vyeupe, au koleza alama kwa kalamu na rula.
6. Kata ukurasa mmoja tu, uupime, ndipo uendelee na mingine.
7. Usiondoe alama mpaka kazi imekwisha.

La sita ndilo lisahauliwalo zaidi, hasa mteja anaposubiri mlangoni. Ukurasa mmoja ukiharibika ni lebo 24; kumi zikiharibika ni 240, pamoja na jina la fundi.